Shajara ya daftari la seli: wiki saba za kwanza za bailojia chuoni

Kabla ya kuanza, Jumapili jioni

Tuko wanne. Wote tumetoka Kongo mashariki, wote tunakaa kati ya Nsambya na Katwe hapa Kampala, na wote tunaingia mwaka wa kwanza katika kozi zinazopitia mlango mmoja wa bailojia ya utangulizi. Wawili wanasomea uuguzi, mmoja kilimo, mimi ualimu wa sayansi. Sekondari tulisomeshwa kwa Kifaransa. Mihadhara ya hapa ni ya Kiingereza. Tukisali, tukigombana au tukihesabu pesa ya sokoni, ni Kiswahili.

Mradi wetu ni kutunga daftari moja la Kiswahili la maneno ya mwanzo ya bailojia, litufae sisi na wadogo zetu watakaoingia mwakani. Nitaandika shajara hii kila mwisho wa wiki ili atakayetaka kufanya kama sisi aone tulipopita.

Tumewekeana sharti. Neno haliingii daftarini mpaka mmoja wetu amelieleza kwa mtu ambaye hajasoma bailojia, mtu huyo ameuliza swali, na swali limepata jibu. Mkaguzi mkuu ni mama yangu. Mchana anatembeza vitenge, na jioni hana haraka ya kukubali jambo ambalo halijamwingia.

Wiki ya 1. Maneno yaliyoingia: 3

Mhadhara wa kwanza ulichukua saa mbili: sifa za kiumbe hai, ngazi za uhai kutoka atomu hadi mfumo wa ikolojia, na jinsi Linnaeus, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, alivyopanga majina ya viumbe katika karne ya 18. Usiku tulikaa chini tukahesabu maneno mapya kwenye madaftari yetu. Yalikuwa 63. Muhula una wiki 15 za masomo. Ukizidisha unapata 945. Kijana wa kilimo alinyamaza, kisha akauliza kama bado inawezekana kubadilisha kozi.

Aliyetutoa pale ni dada wa Uvira. Ana miaka 31 na watoto wawili, naye ndiye mkubwa wetu. Alichukua kalamu nyekundu akaanza kuyagawa yale 63 mafungu matatu: vitu vinavyoonekana kwa macho matupu, vinavyohitaji hadubini, na ambavyo hata hadubini ya maabara yetu haitavionyesha. La tatu ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Utando wa seli, yaani ngozi nyembamba inayoizunguka kila seli, vimeng'enya vinavyoharakisha kazi za kemia mwilini, DNA inayobeba urithi, protini, hivyo vyote tutavizungumzia muhula mzima bila kuviona.

“Sasa hivi vya tatu,” akasema, “mtu alijuaje kwamba vipo?”

Kwa swali hilo tukapiga mstari daftarini na kuongeza safu: *Tumejuaje*. Neno lisilo na jibu katika safu hiyo linasubiri. Nadhani bila safu hii tungeishia kutengeneza kamusi, na kamusi tungeikariri na kuisahau Desemba.

Yaliyoingia ni kiumbe, spishi na hadubini. Neno hadubini lilileta ubishi mdogo, kwa kuwa wengi wetu tulizoea kusema darubini kwa kila chombo chenye lenzi. Tumelipa kila neno kazi yake: darubini huvuta cha mbali, hadubini hukuza kilicho kidogo.

Wiki ya 2. Maneno: 9

Maabara. Tuliambiwa tubandue ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, tuilaze kwenye slaidi juu ya tone la maji, tufunike kwa kioo chembamba, tuchore tunachokiona.

Nilichora kwa dakika arobaini. Duara nane, kila moja na ukingo mweusi mnene na mwanga katikati. Nilizipenda. Niliandika pembeni “seli”, nikaongeza “ukuta wa seli” kwenye ukingo mweusi, na “kiini” kwenye mwanga. Fundi wa maabara, mzee wa makamo kutoka Arua ambaye alisikia tukinong'ona Kiswahili, akainama kwenye hadubini yangu.

“Mwanangu, hayo ni mapovu ya hewa.”

Sikuwa na la kusema. Alinieleza taratibu: mwanga ukitoka kwenye maji kuingia kwenye hewa hupinda sana, ndiyo maana povu huwa na ukingo mweusi mno, na tena ni duara kamili. Seli ya kitunguu haiwi duara. Kisha akanionyesha namna ya kushusha kile kioo cha juu: gusisha upande mmoja kwanza, halafu kilaze polepole kama unayefunga kitabu, hewa itoke mbele yake. Akasema tuanze na lenzi ndogo kila mara, ile ya mara 4, tutafute kitu kiko wapi, ndipo tupande hadi ya 10, kisha ya 40. Lenzi ya jicho inakuza mara 10, kwa hiyo unazidisha: 40, 100, 400.

“Shukrani, mzee,” nikamwambia. Alikwisha kwenda meza nyingine.

Mara ya pili niliona safu za matofali marefu yaliyobanana. Tukaweka tone la iodini, na ndani ya kila tofali kikajitokeza kidoa cha rangi ya kahawia kilichokaa kando. Nilimwita dada wa Uvira. Tulitazama kwa zamu, hakuna aliyesema neno kwa muda.

Nilipomweleza mama jioni, swali lake lilikuja kabla sijamaliza: “Seli? Kama za polisi?” Tulicheka, lakini swali ni la haki na jibu lake ni ndiyo. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alikata kipande chembamba cha gome la mti, akaona vijumba vitupu vimepangana, akaviita kwa neno lenye asili ya Kilatini la chumba kidogo. Neno hilohilo ndilo lililozaa seli ya mahabusu. Alichokiona Hooke zilikuwa kuta za seli zilizokwisha kufa, wenyeji wameshahama. Mama alikubali. Seli ikaingia.

Jambo moja la hesabu, kwa kuwa lilitupunguzia alama watatu kati ya wanne. Chini ya mchoro wangu wa pili niliandika “× 100” kwa sababu hadubini ilikuwa kwenye 100. Ni kosa. Ukuzaji wa mchoro ni urefu wa mchoro ugawe kwa urefu halisi wa kitu. Kwenye 100, uwanja tunaouona una upana wa milimita 1.8 hivi, na seli nne na nusu zinajipanga kutoka ukingo hadi ukingo. Seli moja basi ni kama milimita 0.4. Mchoro wangu ulikuwa milimita 80. Gawanya: mara 200. Hadubini haijui mimi nimechora kwenye karatasi kubwa kiasi gani. Na penseli iwe imechongwa, mstari mmoja safi, bila kutia vivuli. Mistari ya majina ipigwe kwa rula na isikatane.

Wiki ya 3. Maneno: 5

Wiki hii yote imekwenda kwenye neno moja, *kiini*, kile kidoa cha kahawia tulichokiona ndani ya seli, kinachotunza urithi wake.

Lilionekana rahisi. Robert Brown alikipa kiini jina lake mwaka 1831 alipokuwa akichunguza seli za okidi, akatumia neno la Kilatini lenye maana ya kokwa ndogo. Kifaransa tulichosomea kinatumia neno lilelile la kokwa ya embe. Kiswahili kinasema kiini. Tukaona tumemaliza.

Mama akasema: “Kama kiini cha yai.”

Mwenzetu wa Goma akajibu haraka, “Ndiyo mama, kama hicho,” na hapo ndipo tulipoingia shimoni. Tulikwenda kuhakikisha kwa mhadhiri, tukarudi na habari iliyotushangaza. Ile sehemu ya njano ya yai la kuku si kiini cha seli. Ile njano yote kwa ujumla wake ni seli moja, seli kubwa ajabu iliyojaa akiba ya chakula. Ukivunja yai kwa upole ukaligeuza, juu ya ile njano kuna kidoa cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele. Humo ndimo urithi wa kuku jike ulimo. Hapa nasema mayai ya trei yanayouzwa madukani, ya kuku wasiofugwa na jogoo. Yai lililorutubishwa huwa limekwisha kugawanyika seli nyingi kabla halijatagwa.

Kwa hiyo neno letu la jikoni linaita “kiini” kile ambacho bailojia inakiita seli. Kijana wa kilimo alitaka tutumie neno jingine kabisa. Nilikataa, na bado nakataa: vitabu vya Kiswahili vinasema kiini, na mwanafunzi atakutana nalo. Tumeandika neno, na chini yake onyo la mistari mitatu kuhusu yai. Tulivunja mayai matano kutafuta kidoa. Tulikipata kwenye manne, na mama akatukaangia yote.

Wiki ya 4. Maneno: 8

Kemia ya uhai: wanga, sukari, protini, mafuta. Tulipita haraka kwa sababu wote tuliijua kwa Kifaransa, na hapa kazi ilikuwa ya kutafsiri tu. Jaribio lililotupa furaha ni la ndizi. Tone la iodini kwenye kipande cha matoke mabichi linageuka buluu karibu na nyeusi papo hapo, dalili kwamba pana wanga. Kwenye ndizi iliyoiva sana rangi hiyo haiji, au inakuja kwa mabaka. Ndizi inapoiva wanga wake huvunjwa kuwa sukari. Kila mtu Kampala anajua kwa ulimi kwamba iliyoiva ni tamu. Sasa tuna jibu la kuandika kwenye safu ya *Tumejuaje*.

Wiki ya 5. Maneno: 4, lakini ndiyo wiki bora hadi sasa

Utando wa seli. Ni wa fungu la tatu. Unene wake ni kama nanomita 7 au 8, na hadubini ya mwanga, hata nzuri, inashindwa kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi. Mchoro wa kitabuni unaonyesha tabaka mbili za mafuta zenye vichwa na mikia. Niliukopi vizuri sana na sikuuamini hata kidogo.

Jumamosi mama alikuwa akitengeneza kachumbari. Alikata vitunguu vyekundu, akavinyunyizia chumvi, akaviacha, kisha akavikamua ili kutoa ukali. Chini ya bakuli kulikuwa na maji ya kutosha kijiko kikubwa. Nimeona jambo hili maisha yangu yote. Safari hii nilisimama na bakuli mkononi.

“Mama, haya maji umeyatia wewe?”

“Nimetia chumvi tu, baba. Maji ni ya kitunguu.”

Jumatatu tulimwomba mzee wa Arua dakika ishirini baada ya kipindi. Tukachukua ngozi ya nje ya kitunguu chekundu, ambayo seli zake zimejaa rangi ya zambarau. Kwenye maji ya kawaida rangi ilijaza kila tofali kutoka ukuta hadi ukuta. Tukatia tone la maji ya chumvi upande mmoja wa kioo na kuyavuta kwa karatasi ya kunyonyea upande wa pili. Baada ya dakika mbili zambarau ikaanza kujikunja. Ikaachana na pembe za ukuta, ikarudi ndani, ikawa kama puto dogo lililosimama katikati ya chumba. Ukuta haukusogea. Tukaosha kwa maji safi, na puto likavimba tena taratibu mpaka likagusa kuta.

Huo ukingo wa zambarau ndio mahali utando ulipo. Utando wenyewe hatujauona, tumeona kazi yake: kuna kitu kinachoruhusu maji kutoka na kurudi huku kikishika rangi isivuje.

Mama aliposikia aliuliza swali zuri kuliko yote ya muhula huu: “Kama kuna mlango wa maji, kwa nini chumvi nayo isiingie kwa mlango huohuo?”

Hatukuwa na jibu. Tulilipeleka kwa mhadhiri, naye akatupa la kufanya. Tulichovya ngozi nyingine kwenye maji yanayochemka, kisha tukaiweka chini ya hadubini. Rangi ilikuwa imevuja kila mahali, na maji ya chumvi hayakuikunja tena. Utando uliokufa hauchagui. Ulio hai hupitisha maji kwa wepesi mkubwa kuliko chumvi, kwa sababu chembe za chumvi zina chaji ya umeme na haziwezi kuvuka lile tabaka la mafuta zenyewe. Huko kupita kwa maji kuelekea penye chumvi zaidi, kupitia utando unaochagua, ndiyo osmosisi.

Nimeurudia mchoro wa tabaka mbili za mafuta. Sasa naelewa kwa nini mafuta.

Wiki ya 6. Maneno: 2

Jaribio la darasani. Watatu tulivuka vizuri, kijana wa kilimo alipata 9 kati ya 20, chini ya nusu. Amekubali niandike sababu. Maana ya osmosisi aliiandika bila kasoro. Swali lililombana lilitoa jedwali la vipande vya kiazi ulaya vilivyokaa kwenye maji yenye chumvi tofauti, likataka atafute ni chumvi kiasi gani kiazi hakinenepi wala hakikondi. Yeye alilinganisha gramu kwa gramu, wakati vipande havikuwa na uzito mmoja mwanzoni. Inatakiwa asilimia: kipande cha gramu 5.0 kilichoshuka hadi 4.4 kimepoteza asilimia 12. Ukishachora asilimia zote kwenye grafu, tazama mstari unapokata sifuri.

Tumelifanya upya jaribio hilo nyumbani kwake kwa viazi vitatu na mizani ya kukopa kwa muuza dhahabu jirani. Umeme ulikatika saa moja usiku, tukamalizia kupima kwa tochi ya simu.

Yaliyoingia ni utando unaochagua na kimeng'enya. Hili la pili lina tatizo nitakaloliacha kwa siku nyingine: linatokana na kumeng'enya, na watu wanadhani vimeng'enya vyote kazi yake ni kusaga chakula, kumbe viko vinavyojenga.

Wiki ya 7. Maneno: 6

Katika sanduku la slaidi zilizotayarishwa kuna moja ya damu ya mgonjwa wa selimundu. Dada wa Uvira ndiye aliyeiweka. Mdogo wake alifariki kwa ugonjwa huo akiwa na miaka sita, na wakati ule nyumbani kwao waliambiwa ni uchawi wa jirani. Alitazama muda mrefu. Kati ya zile duara nyekundu kulikuwa na nyingine nyembamba, zimepinda kama mundu.

“Kiswahili kimesema kweli hapa,” akaniambia. “Mundu ni mundu.”

Tulianza na swali la mama, ambaye alitaka kujua mbona chembe nyekundu kwenye mchoro wangu hazina kiini na mimi nilimwambia kila seli inacho. Nilimwambia vibaya. Chembe nyekundu ya binadamu ikikomaa hukitupa kiini chake, na nafasi hiyo hujaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Kwa mwenye selimundu himoglobini hiyo ina badiliko moja: katika mnyororo wake mmoja uitwao beta, asidi amino (kipande kinachojenga protini) ya 6 ni valini badala ya asidi glutamiki, kwa sababu ya herufi moja tu ya DNA. Oksijeni ikipungua, protini hizo hushikana zikawa nyuzi ndefu, nazo huipinda chembe.

Kwa *Tumejuaje*, Uganda yenyewe imo katika jibu. Mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper walichapisha uchunguzi wa damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hii, wakaonyesha kwamba hali ya kubeba selimundu imetapakaa kwa viwango tofauti sana. Mwaka 1954 Anthony Allison akaonyesha kwamba mwenye nakala moja tu ya jeni hiyo analindwa kwa kiasi dhidi ya malaria, na ndiyo maana jeni yenye madhara haikupotea penye mbu wengi. Utafiti wa kitaifa wa damu za watoto wachanga wa 2014 na 2015 ulikuta wabebaji, yaani wenye nakala moja tu, takribani 13 kati ya 100.

Kilichobaki ni kurithi. Baba na mama wakiwa wabebaji wote wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa na ugonjwa. Mama akasema: “Basi wakizaa wanne, mmoja lazima augue, na watatu watapona.” Dada wa Uvira akatikisa kichwa. Kwao walikuwa wanne, na wagonjwa walikuwa wawili.

Tukatoa sarafu mbili za shilingi 100. Upande wa ng'ombe ni jeni ya selimundu. Sarafu moja ni ya baba, nyingine ya mama. Kila kurusha ni mtoto. Mara ya kwanza kabisa, ng'ombe wawili, yaani mtoto mgonjwa. Mara ya pili, ng'ombe wawili tena. Mama alirudisha mkono nyuma. Tuliendelea hadi 40, jirani wawili wakaja kutazama, na ng'ombe wawili walitokea mara 11.

“Kwa hiyo sarafu haikumbuki iliyopita,” mama akasema.

“Haikumbuki, mama,” dada akamjibu. “Wala mama yetu hakukosa lolote.”

Jioni hiyo neno selimundu liliandikwa na dada mwenyewe, kwa mkono wake. Safu ya *Tumejuaje* imemchukua ukurasa mzima na nusu ya pili.

Jumla ya maneno: 37. Katika mihadhara tumeshapewa zaidi ya 400. Jumatatu ni mgawanyiko wa seli, na mzee wa Arua ametuagiza kila mmoja aje na mizizi ya kitunguu isiyozidi sentimita 2, iliyoota majini. Vitunguu vinne vimekaa juu ya bilauri dirishani kwetu tangu Ijumaa. Vitatu vimetoa mizizi.